Fukusi, dumuzi na wenzao: mwongozo kamili wa kulinda nafaka ghalani

Chukua punje moja ya mahindi yenye tundu, iweke juu ya karatasi nyeupe, uipasue katikati kwa wembe. Ndani utakuta chumba. Kuta zake zimelainika, chini kuna ungaunga mkavu, na pengine gamba jembamba la mdudu aliyejivua. Mtu akiliona lile tundu kwa nje husema, "Mdudu ameingia." Sivyo. Lile ni tundu la kutokea. Mdudu aliwekwa humo akiwa yai, wiki tano au zaidi kabla, kwa kijishimo kidogo ambacho jicho halikioni. Akala, akakua, akageuka, ndipo akatoboa njia ya kutoka.

Watu wengi hupoteza chakula kwa sababu hiyo, huku wakidhani wamewahi. Wanasubiri kuona matundu ndipo waanze kutafuta dawa, na matundu ni habari ya mwezi uliopita. Kwa hiyo karibu kila hatua nitakayoeleza hapa inafanywa kabla hujaona dalili yoyote. Ukiweza kusoma mara moja tu na kutenda mara moja tu, tenda siku unayoingiza nafaka ghalani.

Kwa nini hili ni suala la njaa

Mwaka 2019 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikadiria kuwa takriban asilimia 14 ya chakula duniani hupotea kati ya kuvunwa na kufika kwa wauzaji wa rejareja. Si yote ni kazi ya wadudu, lakini kwenye nafaka na mikunde inayokaa ghalani miezi mingi, wao ni miongoni mwa walaji wakubwa.

Hasara yenyewe haiishii kwenye uzito. Wadudu kadhaa hupenda kiini cha punje, na kiini ndicho chenye mafuta, protini na vitamini nyingi, na ndicho kinachoota. Ukipanda punje iliyoliwa kiini umepanda ganda. Kisha wadudu wakijaa hutoa joto na unyevu, na punje zilizotobolewa hufungulia kuvu mlango. Baadhi ya kuvu hao hutengeneza sumukuvu, sumu inayodhuru ini na ambayo haitoki kwa kupikwa.

Iko hasara nyingine ambayo haipimwi kwa mizani, nayo kwangu ndiyo chungu kuliko zote. Mkulima anayejua kwamba nafaka yake haitadumu miezi mitatu ghalani huiuza yote mara tu baada ya kuvuna, wakati kila mtu anauza na bei iko chini kabisa. Miezi michache baadaye anarudi sokoni kununua chakula kilekile kwa bei ya juu. Mdudu hajagusa hata punje moja, lakini hofu yake tu imeshaitia nyumba hiyo umaskini.

Mjue unayepambana naye

Wadudu wa ghalani wako makundi mawili. Wapo wanaoweza kuvunja punje nzima, na wapo wanaofuata nyuma yao kula makombo. Ukiwadhibiti wa kwanza, wa pili hupungua wenyewe.

Fukusi ndiye anayejulikana zaidi. Ana urefu wa milimita 3 hadi 4, rangi ya kahawia iliyokolea, na mdomo mrefu uliopinda mfano wa mkonga wa tembo. Jike huutumia mdomo huo kuchimba kishimo kwenye punje, hutaga yai moja ndani, kisha hukiziba kwa ute unaokauka na kufanana na ganda la punje. Buu haonekani maisha yake yote. Fukusi wa mahindi na wa mchele huruka, kwa hiyo hutoka ghalani hadi shambani na kuanza kutaga mazao yakiwa bado kwenye mashina. Yule wa ngano na shayiri hawezi kuruka, huyo husafiri kwa magunia na magari.

Dumuzi ni wa namna nyingine. Mwili wake ni kama kipande cha bomba, kichwa kimefichwa chini ya mabega hivi kwamba ukimtazama kwa juu hukioni. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aligunduliwa Tabora, Tanzania, na katika miaka hiyohiyo akatokea Togo, kisha akasambaa nchi nyingi za Afrika. Alipofika alikuta mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na magunzi yake, na hapo ndipo anapofanya vizuri zaidi, kwa kuwa punje haichezi anapoichimba. Kuna maghala yaliyopoteza hadi theluthi moja ya uzito wa mahindi ndani ya miezi 3 hadi 6. Hula pia mihogo mikavu, na hukaa ndani ya mbao na miti, jambo ambalo nitalirudia tukifika kwenye ghala. Alama yake ni unga. Fukusi huacha matundu na unga kidogo, dumuzi huacha unga kuliko punje. Tena hustahimili nafaka kavu kuliko fukusi, kwa hiyo ukavu peke yake haumzuii.

Nondo wa nafaka ni kipepeo mdogo wa rangi ya majani makavu. Buu wake hula ndani ya punje na kabla ya kutoka huacha kidirisha cha duara kilichofunikwa na ngozi nyembamba. Kwa kuwa nondo mwenyewe hawezi kupenya ndani ya rundo la nafaka, hushambulia tabaka la juu tu, au mahindi na mpunga ulioning'inizwa bado kwenye mashuke.

Maharage, kunde, choroko na dengu vina wadudu wao. Mmoja hubandika mayai juu ya ganda, nayo huonekana kama vidoa vyeupe visivyofutika kwa kidole. Mwingine, wa maharage, huyadondosha ovyo baina ya punje. Mdudu mzima wa jamii hii haishi muda mrefu, na ghalani hahitaji hata kula. Uharibifu wote ni wa buu. Nao wengi huanzia shambani, kwenye maganda yanayokauka.

Wanaofuata nyuma ni kama mbawakavu mwekundu wa unga, mbawakavu mwenye msumeno (ukimtazama kwa kioo cha kukuzia utaona meno sita kila upande wa kifua), na nondo wanaofunga punje kwa utando. Ukiwaona hao kwenye unga au punje zilizovunjika, jua wale wanaovunja punje nzima wameshatangulia. Mmoja tu nitamtaja kwa tahadhari ya pekee, khapra. Buu wake mwenye manyoya hujibanza kwenye nyufa na anaweza kukaa miaka bila chakula. Nchi nyingi humzuia mipakani. Ukishuku umempata, usihamishe gunia lolote. Waite maofisa wa afya ya mimea.

Hesabu ya wiki tano

Joto la nyuzi 27 hadi 32 na unyevu wa kutosha humfikisha fukusi kutoka yai hadi mdudu mzima kwa takriban wiki tano. Tuseme gunia lako la kilo 100 limeingia na majike 10 tu, idadi ambayo hakuna jicho lingeiona, na kila jike akafanikisha watoto 40. Hicho ni kiasi cha chini, kwa kuwa jike anaweza kutaga zaidi ya mayai 150 katika maisha yake. Baada ya wiki tano wako 400. Nusu ni majike, 200, nao wakizaa vivyo hivyo, wiki ya kumi wako 8,000. Wiki ya kumi na tano ni 160,000. Gunia la mahindi la kilo 100 lina punje zipatazo 300,000. Zaidi ya nusu zina tundu.

Kwa hali halisi wengine hufa na wengine huhama, lakini umbo la hesabu ni hilo. Wiki kumi za kwanza unaona wadudu wachache, unatulia. Wiki tano zinazofuata zinamaliza gunia. Ukikinga mwanzoni, umewakinga 10.

Hatua ya 1: Anzia shambani

Vuna mazao yakishakomaa. Usiyaache yasimame shambani wiki nyingi eti yakauke. Mahindi yamekomaa pale ukibandua punje kutoka kwenye gunzi ukakuta kidoa cheusi kwenye ncha iliyoshikamana na gunzi. Kila wiki yanayoendelea kusimama ni wiki ya fukusi na nondo kutaga. Usirundike mavuno mapya karibu na ghala lenye nafaka ya mwaka jana. Wadudu wanaoruka hawahitaji mwaliko.

Wakati wa kuvuna, tenga mashuke ambayo maganda yake hayakufunika ncha. Hayo ndiyo yaliyoshambuliwa mapema. Yaliwe kwanza, yasihifadhiwe.

Hatua ya 2: Kausha mpaka uhakikishe

Nafaka nyingi na mikunde zinahitaji unyevu wa asilimia 13 au chini yake. Mpunga unaweza kuvumilia 14. Karanga, kwa sababu ya mafuta, zishuke hadi karibu 7. Anika juu ya turubai au sakafu safi, tabaka lisizidi sentimita 4 hadi 5, geuza mara kwa mara, funika jioni kabla umande haujashuka. Mbegu zikikaushwa kwa moto, joto lisizidi nyuzi 40, la sivyo hazitaota.

Wengi hupima kwa meno: punje ikilia "ka" ikipasuka, imekauka. Ni kipimo cha mazoea, na mtu mzoefu hakosei sana, lakini meno hayatofautishi vizuri 13 na 15, na tofauti hiyo ni kubwa. Kama huna mashine ya kupimia unyevu, tumia chumvi. Tafuta chupa ya kioo yenye mfuniko, ya robo tatu ya lita, iwe kavu kabisa. Kausha chumvi ya kawaida juani hadi itiririke kama mchanga, tia vijiko viwili au vitatu vikubwa, ongeza nafaka hadi theluthi moja ya chupa. Funga, tikisa dakika moja, kisha acha itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Ikianguka yote chini, umeshuka chini ya 15, lakini bado hujajua kama umefika 13. Mimi huongeza jua la siku moja au mbili hata baada ya chumvi kukubali.

Kisha acha nafaka ipoe kivulini kabla ya kuipakia. Nafaka yenye joto ikifungwa hutoa jasho, na jasho hilo ni maji yaleyale uliyohangaika kuyaondoa.

Hatua ya 3: Pukuchua, pepeta, chambua

Pukuchua mahindi, usiyahifadhi na magunzi, hasa kama dumuzi yuko eneo lako. Usiyapige kwa fimbo ndani ya gunia kwa nguvu kiasi cha kuvunja punje, maana punje iliyovunjika ni chakula cha wadudu wasioweza kuvunja nzima. Pepeta kwa ungo, toa vumbi, makapi, vipande na punje zilizooza. Vipande vya magunzi na vijiti vina madhara yake ya pekee ndani ya mfuko wa plastiki, kwani huutoboa.

Siku hiyohiyo fanya jambo moja dogo ambalo wachache hulifanya. Chukua kikombe kimoja cha nafaka unayoihifadhi, itie kwenye chupa ya kioo, funika mdomo kwa kitambaa cheupe kilichofungwa kwa uzi, andika tarehe, iweke mahali pa joto la kawaida. Usiitie dawa. Itazame kwa wiki sita. Wakitoka wadudu humo, umejua mayai yaliingia nayo kutoka shambani, na umejua ni wadudu gani. Msimu ujao utajua uvune mapema kiasi gani.

Hatua ya 4: Ghala na vyombo

Ondoa nafaka yote ya zamani. Kama hutaki kuitupa, ile au iuze, lakini isikae chumba kimoja na mpya. Fagia kuta kuanzia juu, kona, mihimili, nyuma ya milango, halafu sakafu. Takataka hizo zichomwe au zizikwe mbali, zisiachwe mlangoni. Ziba nyufa kwa saruji au udongo. Buu mmoja anatosha kukaa kwenye ufa upana wa ukucha.

Kama ghala lina nguzo na mihimili ya mbao, angalia matundu ya duara yenye unga mlaini chini yake. Huko ndiko dumuzi hungojea msimu. Badilisha mbao zilizoliwa.

Magunia ya zamani yageuze ndani nje, yakung'ute, yachemshe kwenye maji au yaanike kwenye jua kali siku nzima. Mishono ndiyo maficho. Panga magunia juu ya chaga, yasiguse sakafu, na yaache nafasi ya nusu mita kutoka ukutani ili uweze kupita na kuona upande wa nyuma.

Hatua ya 5: Chagua kinga

Kinga ziko nyingi, na si sawa. Ningekuwa na uwezo wa kuchagua moja, ningechagua kuziba hewa.

*Kuziba hewa.* Mdudu wa ghalani anaishi kwenye chakula kikavu na hana mahali pa kunywa. Maji yake mengi huyatengeneza mwilini, kwa kuchoma chakula kwa oksijeni. Ukifunga nafaka kavu ndani ya chombo kisichopitisha hewa, wadudu na mabuu wenyewe hutumia oksijeni iliyomo hadi ishuke chini ya asilimia 5. Huacha kula ndani ya siku chache, na kwa kuwa chemchemi yao ya maji imekatika, hufa kwa kukauka. Hakuna sumu, na mbegu hubaki na uhai wake.

Mifuko ya tabaka tatu iitwayo PICS ilitokana na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani na wenzao wa Kamerun, mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya kunde. Leo aina kadhaa za mifuko ya namna hiyo zipo. Kazi ni ileile:

1. Jaribu kila mfuko wa plastiki kabla ya kuutumia. Ujaze hewa, zungusha shingo, ubinye na usikilize shavuni. Ukihisi upepo, kuna tundu.
2. Tumbukiza mfuko mmoja wa plastiki ndani ya mwingine, na yote miwili ndani ya mfuko mgumu wa nje.
3. Tia nafaka kidogo kidogo, ukitikisa na kushindilia ili hewa itoke. Jaza hadi ibaki shingo ya sentimita 30 hivi.
4. Kamua hewa ya juu, zungusha shingo ya mfuko wa ndani mpaka ikaze, ikunje, uifunge kwa kamba au mpira. Fanya vivyo hivyo kwa wa pili, kisha wa nje, kila mmoja peke yake.
5. Weka juu ya chaga, mbali na panya na vitu vyenye ncha. Usifungue kwa miezi miwili ya kwanza.

Namba 4 ya orodha hii ndiyo inayoharibu kazi ya wengi, mimi nikiwemo. Niliwahi kufunga mfuko wa kunde kwa haraka, punje tatu nne zikanaswa kwenye mkunjo wa shingo. Nilipoufungua niliikuta njia nyembamba ya hewa kando ya zile punje, na juu ya kunde, mahali palepale, kijiduara cha matundu chenye upana wa kiganja. Chini yake kunde zote zilikuwa salama. Tangu hapo napitisha kidole kuzunguka shingo nzima kabla ya kuizungusha.

Dumuzi anaweza kutoboa plastiki. Usijaze nafaka iliyokwisha kushambuliwa sana, na usiache mfuko umelegea wenye mikunjo, kwa sababu mikunjo ndiyo inayompa pa kushikilia taya. Kwa nyumba yenye dumuzi wengi au panya, pipa la plastiki lenye mfuniko wa kukaza au silo ya bati ni bora, mradi lijae hadi juu. Pipa lililojaa nusu lina hewa ya kuwalea wadudu wiki nyingi. Ni afadhali vyombo vidogo vitatu kuliko kimoja kikubwa unachokifungua kila siku.

*Joto la jua.* Nzuri kwa kunde na maharage ya kula. Tandika nyasi kavu au mkeka ili ardhi isinyonye joto, juu yake plastiki nyeusi, mwaga punje tabaka la sentimita 2 hivi, funika kwa plastiki angavu, bana kingo kwa mawe. Joto likifika nyuzi 57 kwa saa moja, mayai, mabuu na wadudu wote wa kunde hufa. Kwenye jua kali la mchana acha saa mbili hadi tano. Baada ya kupoa fungia kwenye chombo mara moja, kwa sababu jua halikingi dhidi ya wadudu watakaokuja kesho. Kwa mbegu za kupanda nisingeitumia mara kwa mara.

*Majivu na vumbi.* Hapa tena tunamwua kwa kiu. Vumbi laini hukwaruza na kunyonya nta inayofunika mwili wa mdudu, na maji yake hutoka. Kwa kunde, ujazo tatu wa majivu yaliyochekechwa kwa ujazo nne wa punje, vichanganywe vizuri na juu iongezwe tabaka la majivu matupu. Ni kiasi kikubwa, na watu wanaotia kiganja kimoja kwa gunia husema majivu hayafanyi kazi. Udongo wa diatomea, uliotokana na mabaki ya mwani mdogo wa majini, una nguvu zaidi. Kilo 1 hadi 2 hutosha tani nzima. Vaa barakoa, vumbi hilo halifai mapafuni. Vyote hivi hushindwa nafaka ikiwa na unyevu.

*Mafuta ya kupikia.* Mililita 5 kwa kila kilo ya kunde au maharage, yakachanganywa hadi kila punje ing'ae, huziba pumzi ya mayai. Ni kwa kiasi kidogo cha nyumbani.

*Kuviringisha.* Buu mchanga wa maharage huhitaji karibu siku nzima akiwa ameegemea punje ya jirani ili atoboe. Gunia lisilojaa sana likiviringishwa asubuhi na jioni kwa wiki kadhaa, hupoteza egemeo na kufa kabla hajaingia. Haigharimu chochote.

*Baridi.* Kiasi kidogo cha unga au nafaka kikikaa wiki moja kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kinasafika. Kiache kimefungwa mpaka kirudi joto la kawaida, kisishikwe na unyevu.

*Dawa ya vumbi.* Zilizo nyingi ni mchanganyiko wa viuatilifu viwili, na kuna sababu. Pirimifosi-methili humweza fukusi lakini dumuzi humshinda kidogo. Permethrini humweza dumuzi. Dumuzi alipoingia Afrika ndipo mchanganyiko huo ulipohitajika. Soma kipimo kwenye pakiti ya dawa uliyonayo, usikisie na usitumie kipimo cha jirani, kwa kuwa dawa hutofautiana nguvu. Changanya na nafaka yote juu ya turubai kwa koleo, usinyunyize juu ya gunia lililoshonwa. Heshimu siku za kusubiri kabla ya kula. Na kamwe usitie dawa ya shambani kwenye chakula. Watu wamekufa kwa hilo.

*Vidonge vya kufukiza.* Kidonge cha gramu 3 cha alumini fosfidi hutoa gramu 1 ya gesi ya fosfini, inayoua wadudu wa hatua zote, na inayoua binadamu. Haina dawa ya kuiondoa mwilini. Inahitaji mtu mwenye mafunzo, turubai lisilovuja, na siku tano au zaidi za kufunga. Kamwe isifanyike kwenye nyumba wanamolala watu, hata kama nafaka iko chumba kingine. Hutambaa kwenye nyufa. Tena ikifanywa vibaya, kwa muda mfupi au turubai linalovuja, wanaobaki ndio wenye usugu, na sehemu nyingi duniani usugu huo umeshaenea.

Hatua ya 6: Kagua kwa ratiba

Nafaka ambayo haikuzibwa hewa ikaguliwe kila wiki katika mwezi wa kwanza, kisha kila wiki mbili. Ingiza mkono hadi kiwiko. Ukihisi joto katikati, kuna uhai humo. Nusa: ukali wa kemikali ni wa mbawakavu wa unga, harufu ya udongo uliolowa ni ya kuvu. Usiku kukiwa kimya weka sikio kwenye gunia, kwani wakiwa wengi utawasikia wakitafuna.

Kwa bambo, chuma chenye mfereji cha kuchoma gunia, toa nafaka juu, katikati na chini, changanya, chekecha, kisha hesabu punje 100 bila kuchagua. Kwa mahindi yaliyopukuchuliwa, idadi ya punje zenye matundu ukiigawa kwa 8 inakupa makisio ya asilimia ya uzito uliopotea. Punje 16 zenye matundu ni uzito wa asilimia 2. Inaonekana ndogo, na ndipo watu hudanganyika. Rudi kwenye hesabu ya wiki tano: nyuma ya hizo 16 kuna nyingine nyingi zilizobeba mabuu ambayo hayajatoboa.

Hatua ya 7: Ukikuta wameshaingia

Toa gunia lote nje, mbali na mengine, siku hiyohiyo. Chekecha juu ya turubai na umwage wadudu na unga kwenye maji yanayochemka. Kama nafaka haikutiwa dawa, waweza kuwapa kuku. Kuchekecha hakumalizi kazi, maana mabuu wamo ndani, kwa hiyo usirudishe gunia ghalani. Funga kwenye chombo kisichopitisha hewa au pitisha kwenye jua kama nilivyoeleza.

Chambua punje zenye rangi ya kijani, njano iliyofifia au nyeusi, na zilizoshikana kwa kuvu. Hizo zisiliwe na mtu, zisipewe mifugo, maana sumukuvu hupita hadi kwenye maziwa. Zizikwe. Punje zilizobunguliwa lakini safi zisagwe na kuliwa mapema. Zisitengwe kwa mbegu. Kabla ya kupanda, weka punje 50 kwenye kitambaa chenye unyevu kwa siku saba. Zikiota chini ya 40, tafuta mbegu nyingine.

Mwisho, magunia na mifuko iliyotoka na nafaka hiyo. Mfuko wa plastiki ukiwa na kitundu, zibia kwa gundi ya mkanda au uutumie kama tabaka la nje tu. Gunia la katani chemsha, anika, na ulikunje likiwa limegeuzwa, mishono ikiwa nje, mpaka msimu mwingine.